Katazo la Kutoa Mimba na Hofu Wodini: Matokeo kwa Tiba, kwa Jamii na kwa Uchungaji

1. Utangulizi

Kanisa limefundisha tangu awali kwamba uhai wa mwanadamu ni kipawa cha Mungu, na kwamba mtoto aliye tumboni anajulikana na Muumba wake kabla ya kujulikana na wazazi wake (Zab. 139:13-16, Yer. 1:5). Makala haya hayakusudii kulegeza fundisho hilo. Yanachunguza jambo jingine ambalo mara nyingi huchanganywa nalo: sheria ya nchi inayokataza kutoa mimba hutenda nini ifikapo katika wodi ya hospitali, katika nyumba ya mkulima au ya mvuvi, na katika usharika? Fundisho la imani ni jambo moja. Matokeo ya sheria ya adhabu ni jambo la pili. Mtumishi wa Neno hana budi kuyafahamu yote mawili, kwa maana yeye ndiye anayeitwa kufariji, kuungamisha na, mara nyingine, kuzika.

Sisi tulio katika mwambao wa Ziwa Victoria tunayo sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Utafiti uliofanywa nchini kuhusu mwaka 2013 ulikadiria kwamba katika Tanzania mimba zipatazo 405,000 zilitolewa mwaka huo, karibu zote kwa siri. Kwa wastani wa taifa hizo ni mimba 36 kwa kila wanawake 1,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Kanda iliyoonekana kuwa na kiwango cha juu kuliko zote ilikuwa Kanda ya Ziwa, ambako kiwango kilikadiriwa kufikia 51. Cha chini kabisa kilikuwa Zanzibar, kiasi cha 11. Kwa hiyo tunapozungumza habari hizi hatuzungumzi habari za watu wa mbali. Tunazungumza habari za watu wanaoketi mbele yetu siku ya Bwana.

Hoja yetu ni hii: madhara ya katazo hayatokani tu na yale ambayo sheria inayakataza, bali pia na hofu inayoenea kupita mipaka ya sheria yenyewe. Na Kanisa, lililo na hospitali na mimbari, laweza ama kuiongeza hofu hiyo ama kuipunguza.

2. Sheria yasemaje

Sheria inayotawala jambo hili Tanzania Bara haikutungwa na Bunge la nchi huru. Imo katika Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16), iliyoanza kutumika mwaka 1945 chini ya utawala wa Kiingereza, na chimbuko lake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1861. Kifungu cha 150 kinampa adhabu ya kifungo hadi miaka 14 yeyote anayejaribu kumtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria. Kifungu cha 151 kinampa mwanamke mwenyewe hadi miaka 7. Kifungu cha 152 kinamhusu anayetoa dawa au vifaa akijua vitatumika kwa kazi hiyo. Adhabu yake ni hadi miaka 3.

Hata hivyo sheria hiyo hiyo ina mlango. Kifungu cha 230 kinasema kwamba mtu hatahesabiwa kuwa na hatia akifanya, kwa nia njema na kwa uangalifu na ujuzi wa kutosha, upasuaji unaohitajika ili kuokoa maisha ya mama. Maneno haya yamefafanuliwa na mahakama. Mwaka 1938 huko London daktari Aleck Bourne alishtakiwa kwa kumtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na askari. Jaji aliwaeleza wazee wa baraza kwamba kuokoa maisha kwaweza kuwa na maana ya kumwokoa mtu asiharibikiwe kabisa mwilini au akilini, na daktari akaachiwa. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi iliyotoka Kenya, ilifuata njia hiyo hiyo.

Tena, mwaka 2007 Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003 kuhusu haki za wanawake katika Afrika. Ibara yake ya 14 inazitaka nchi ziruhusu mimba kutolewa kitabibu pale mwanamke alipobakwa, alipopata mimba ya ndugu wa damu, au pale afya yake ya mwili na akili au maisha yake yanapohatarishwa. Kenya na Uganda ziliporidhia Itifaki hiyo mwaka 2010 ziliweka pingamizi juu ya fungu hilo, Tanzania haikuweka. Lakini vifungu vya Kanuni ya Adhabu vimebaki kama vilivyokuwa.

Basi mganga anajikuta kati ya maandiko mawili. Anajua kwamba kuna adhabu ya miaka 14, nayo imeandikwa waziwazi. Anasikia kwamba kuna ruhusa, lakini Kanuni ya Adhabu haielezi ni nani aamue, wala kwa utaratibu gani, wala hatari ya mama ipimwe kwa kipimo kipi. Adhabu iko wazi na ruhusa ina ukungu. Na penye ukungu, mtu mwenye familia ya kulisha huchagua kutotenda.

Jambo moja, hata hivyo, halina ukungu wowote. Kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imekwisha kuharibika, kwa sababu yoyote ile, si kosa. Huduma hiyo ni sehemu ya mpango wa Serikali wa afya ya uzazi. Katika miaka ya kati ya 2000, wilaya ya Geita, iliyokuwa wakati huo katika Mkoa wa Mwanza, ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako huduma hiyo ilishushwa kutoka hospitali hadi vituo vya afya na zahanati, ili mama asilazimike kusafiri huku damu ikimtoka.

3. Matokeo katika tiba

Kiswahili chetu hutenganisha mambo mawili kwa kitenzi kimoja. Tunasema "mimba imetoka" pale ilipoharibika yenyewe, na "ametoa mimba" pale ilipoondolewa kwa makusudi. Katika usemi tofauti ni ndogo. Katika sheria ni tofauti ya mfiwa na mhalifu. Lakini juu ya kitanda cha hospitali mara nyingi haionekani kabisa. Dalili ni zile zile: damu, maumivu, homa. Kati ya kila mimba 100 zilizokwisha kutambuliwa, kiasi cha 10 hadi 20 huharibika zenyewe, pasipo mtu yeyote kutenda neno. Kwa hiyo katazo linapozaa shuku, shuku hiyo haimwangukii aliyetoa mimba peke yake. Inamwangukia pia mama aliyemtamani mtoto akampoteza. Huyu anayestahili kufarijiwa huanza kuhojiwa.

Matokeo ya pili ni kuchelewa. Utafiti tuliokwisha kuutaja ulikadiria kwamba mwaka 2013 wanawake wapatao 66,600 walitibiwa katika vituo vya afya kwa madhara ya mimba zilizotolewa, na kwamba kwa kila aliyetibiwa walikuwapo wengine kadhaa waliotoa mimba wasifike kutibiwa. Wengine kati ya hao hawakuhitaji tiba. Lakini wapo waliohitaji wasithubutu. Mabaki yanayosalia katika mfuko wa uzazi yaweza kuondolewa kwa muda mfupi na mkunga aliyefundishwa, kwa kifaa rahisi cha kunyonya kwa mkono au kwa vidonge. Yakiachwa siku kadhaa huoza, vijidudu huingia katika damu, figo hushindwa kufanya kazi, na ugonjwa ambao ungetibiwa katika zahanati sasa wahitaji chumba cha upasuaji, chupa za damu na wiki nyingi za kulazwa. Damu hiyo ni ile ile inayongojewa na mama aliyetokwa na damu baada ya kujifungua. Anayepona aweza kubaki tasa.

Matokeo ya tatu ni katika elimu ya waganga wenyewe. Pale jambo linapoogopwa, halifundishwi. Na lisipofundishwa, hata lile linaloruhusiwa hufanywa vibaya. Kenya imetupa somo chungu. Katiba yake ya mwaka 2010, ibara ya 26, inakataza kutoa mimba isipokuwa pale mtaalamu wa afya anapoona haja ya matibabu ya dharura au hatari kwa maisha au afya ya mama. Hata hivyo mwishoni mwa mwaka 2013 Wizara ya Afya iliuondoa mwongozo uliowaelekeza waganga, na mapema mwaka 2014 ikakataza wafanyakazi wa afya kufundishwa jambo hilo. Mwaka huo huo wa 2014 msichana mmoja wa shule aliyebakwa alitolewa mimba na mtu asiye na ujuzi. Alipelekwa kutoka kituo kimoja hadi kingine kabla ya kupata tiba iliyomfaa, figo zake zikaharibika, na mwaka 2018 akafariki. Mwezi Juni 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kuondolewa kwa mwongozo na kukatazwa kwa mafunzo kulikiuka haki. Tuangalie vema: hakuna sheria iliyokataza kumtibu msichana huyo. Waliopungua ni watu waliojua la kufanya.

Hali kadhalika nchini Ireland, Katiba ilikataza kutoa mimba lakini mahakama ilikwisha kukubali mwaka 1992 kwamba maisha ya mama yaweza kuokolewa. Mwaka 2012 Savita Halappanavar, aliyekuwa na mimba ya majuma 17 iliyokuwa inaharibika, aliomba aondolewe mimba hiyo. Waganga wakangoja kwa sababu moyo wa mtoto ulikuwa bado unapiga. Alikufa kwa maambukizo katika damu. Ruhusa ilikuwapo, haikuwa wazi vya kutosha kumfanya mganga atende kwa wakati. Mwaka 2018 wananchi wa Ireland walipiga kura ya kuliondoa katazo lile katika Katiba yao.

4. Matokeo katika jamii

Katazo halimfikii kila mtu kwa uzito mmoja. Mwanamke mwenye fedha humpata mganga mwenye ujuzi anayefanya kazi hiyo kwa siri. Asiye na fedha, awe mchuuzi wa dagaa mwaloni au mtumishi wa ndani mjini, huangukia mikononi mwa mwenye mizizi, vijiti au dawa zinazonywewa kupita kiasi. Hivyo sheria moja huzaa watu wa namna mbili: mwenye siri na mwenye kaburi.

Tumwangalie pia mwanafunzi. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mwaka 2017 Rais John Magufuli alitangaza hadharani kwamba wasichana waliojifungua wasirudi katika shule za Serikali. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilibadili msimamo huo na kuwaruhusu kurudi. Kwa upande mwingine, tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inampa kifungo cha miaka 30 mwanamume anayempa mimba mwanafunzi. Nia ya sheria hii ni njema, nayo inamlinda mtoto. Lakini tusijifanye hatuoni kwamba mwanamume anayeiogopa miaka 30 ana sababu kubwa ya kutaka ushahidi upotee, na ushahidi huo umo mwilini mwa msichana. Hivyo yule aliyekosewa ndiye anayesukumwa kwenda kwa mwenye vijiti.

Je, katazo hupunguza mimba zinazotolewa? Mfano ulio wazi zaidi ni Romania. Mwaka 1966 serikali ya Nicolae Ceauşescu ilipiga marufuku kutoa mimba isipokuwa kwa sababu chache, na baadaye wanawake wakapimwa viwandani ili mimba zisifichwe. Watoto waliozaliwa waliongezeka kwa muda mfupi, kisha idadi ikashuka tena, kwa kuwa watu walipata njia za siri. Kilichodumu ni vifo: inakadiriwa kwamba wanawake wapatao 10,000 walikufa katika miaka 23 ya amri hiyo. Ilipofutwa mwishoni mwa Desemba 1989, kiwango cha vifo vya wazazi kilishuka kwa karibu nusu katika mwaka mmoja. Afrika Kusini nayo, baada ya sheria yake mpya kuanza kutumika mwaka 1997, iliona vifo vitokanavyo na mimba kutolewa vikipungua kwa zaidi ya asilimia 90 katika miaka michache. Hatusemi kwamba takwimu hizi zinamwamulia Mkristo lililo jema. Twasema kwamba asemaye sheria kali huokoa uhai anapaswa kuzijibu.

5. Urithi wetu wa Kilutheri

Mafundisho yetu yanatupa msaada katika jambo hili kuliko tunavyodhani. Kwanza, tumefundishwa kutofautisha kazi za sheria. Sheria ya serikali huzuia uovu wa nje ili watu waishi kwa amani. Haina uwezo wa kuumba moyo mpya. Kwa hiyo yafaa ipimwe kwa matunda yake: je, inalinda uhai kweli? Anayeuliza swali hili haipingi Amri ya Tano. Anaitumia.

Pili, katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529 Martin Luther anaieleza Amri ya Tano kwa mapana. Hamhesabu muuaji kuwa yule tu anayenyosha mkono. Anamhesabu pia yule awezaye kumwokoa jirani na kifo naye asimwokoe. Kwa kipimo hiki mganga anayemwacha mama avuje damu mpaka polisi waje, na jirani anayemficha binti ndani kwa kuogopa aibu, wote wawili wamo chini ya Amri hiyo.

Tatu, mwaka 1542 Luther aliandika waraka mfupi wa kuwafariji wanawake ambao mimba zao zimeharibika. Aliwatenga wale wanaodhuru kwa makusudi. Lakini aliwaonya watumishi wasiwaongezee wafiwa huzuni kwa maneno makali, akaonyesha kwamba shauku ya mama aaminiye ni maombi yanayosikiwa na Mungu. Ni ajabu kwamba waraka huu hautumiki zaidi katika mafunzo yetu ya uchungaji.

Nne, Dietrich Bonhoeffer, katika maandiko yake juu ya maadili yaliyotolewa kitabu mwaka 1949, anahesabu utoaji mimba kuwa ni kuua. Hakuna awezaye kumwita mlegevu. Lakini papo hapo anaongeza kwamba pale tendo hilo linapofanywa na mtu aliyeachwa peke yake katika kukata tamaa na umaskini, huenda hatia ikaiangukia jamii kuliko yeye. Mchungaji anayelisoma jambo hili hawezi tena kuuliza tu: "Alifanya nini?" Atauliza pia: "Tulikuwa wapi?"

6. Kazi ya mchungaji

Swali hilo latuleta katika nidhamu ya Kanisa, na hapa tuseme kwa unyofu. Katika sharika nyingi msichana anayepata mimba nje ya ndoa hutengwa na Meza ya Bwana hadi atakapotubu mbele ya kundi. Mimba huonekana, kutoa mimba hakuonekani. Kwa hiyo anayemtunza mtoto hadi kuzaliwa huaibishwa mbele ya wote, na aliyemtoa kwa siri huketi kwaya bila kuulizwa. Mwanamume aliyehusika mara nyingi hatajwi. Bila kukusudia, tumeweka adhabu juu ya lile tunalolihubiri na tumelipa lile tunalolikataza. Mabaraza ya wazee hayana budi kulitazama upya jambo hili. Toba yaweza kupokelewa katika ungamo la siri, na msichana anayechagua kuzaa anastahili kuwaona wazee wa kanisa wakimletea msaada kabla ya kumletea hukumu.

Yapo pia mambo ambayo mchungaji aweza kuyatenda bila kungoja sheria ibadilike. Awafundishe washarika kwamba mwanamke anayevuja damu apelekwe kituo cha afya mara moja, na kwamba kutibiwa kwake ni halali. Awaambie wazazi kwamba binti aliyejifungua aweza kurudi shule. Afundishe juu ya uzazi wa mpango bila haya, kwa maana mimba isiyotungwa haimpeleki mtu kwa mwenye vijiti. Na wale kati yetu wanaoketi katika bodi za hospitali za Kanisa waulize maneno machache yaliyo wazi: Je, wakunga wetu wamefundishwa huduma ya mimba iliyoharibika? Je, wanajua nini sheria inaruhusu? Je, umo katika hospitali yetu mwongozo ulioandikwa, ili muuguzi wa zamu ya usiku asiamue peke yake kwa woga?

Habari ya Shifra na Pua (Kut. 1:15-21) yatufaa hapa. Wakunga wale walikuwa na hofu mbili mbele yao: hofu ya mfalme na hofu ya Mungu. Walichagua ya pili, na watu wakaishi. Mkunga wetu wa leo, anapomtibu mwanamke anayevuja damu, hana haja hata ya kumkaidi mfalme. Sheria ya nchi iko upande wake. Anachohitaji ni kuijua, na kujua kwamba Kanisa lake litasimama pamoja naye.

Kama sheria ya Tanzania itabadilishwa au la, hilo ni la Bunge na la wananchi, na Wakristo watatofautiana juu yake kwa dhamiri njema. Lakini kati ya katazo lilivyoandikwa na hofu ilivyoenea pana nafasi kubwa, na wanawake wanakufa katika nafasi hiyo. Kuipunguza hakungoji kura ya mtu. Ni kazi ya diakonia, nayo imo mikononi mwetu tayari.